Eti hii ni kampuni ya gemu

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 26, nachora wahusika katika studio ya gemu za simu hapa Nairobi. Tuko watu thelathini na kitu, wanawake wanne. Kiongozi wa kikundi chetu alinitaka nikamkataa. Tangu hapo jina langu limetolewa kwenye orodha ya waliotengeneza gemu, na kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe amepandishwa cheo. Juzi mkutanoni bosi huyo alionyesha mhusika mpya: yuko nusu uchi, ana mwanya wangu na alama yangu ya shavuni. Watu wakaangua kicheko. Afisa wa wafanyakazi ananiambia eti hii ni kampuni ya gemu, nijifunze utani. Dadangu anasema nivumilie, kazi hazipatikani. Studio nyingine imeniita. Niondoke kimya kimya? – Mchoraji

Marahaba, mwanangu.

Huo mwanya ndio ulionikera kuliko yote. Mtu hachori mwanya na alama ya shavuni kwa bahati mbaya. Alikukagua uso, akaketi kuuchora huku mshahara unahesabika, kisha akangoja mkutano ujae. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 6, inataja waziwazi picha za kingono zinazomdhalilisha mfanyakazi, sawa na maneno na kushikwashikwa. Kwa hiyo huyo afisa asikutishe na utani wake. Tena mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera iliyoandikwa kuhusu unyanyasaji wa kingono. Iombe, kwa barua pepe. Wakikosa kukupa, nalo ni jibu la kuhifadhi.

Kisingizio hicho cha utani kimeshafikishwa mahakamani kwingine. Julai 2025, mahakama ya Bobigny karibu na Paris iliwatia hatiani wakubwa watatu wa zamani wa Ubisoft, kampuni ya gemu ya Ufaransa. Mmoja wao alimfunga msichana wa kazini kwenye kiti kwa selotepu, akamsukumia ndani ya lifti na kubonyeza ghorofa yoyote. Alijitetea kwamba pale watu walizoea kutaniana. Akapewa kifungo cha nje cha miaka 3 na faini ya euro 30,000. (Kwangu mimi ni adhabu nyepesi, lakini sikuwa hakimu.)

Na suala la cheo usilizike chini ya lile la mchoro. Wanawake wa Riot Games, kampuni ya gemu ya California, Marekani, walishtaki mwaka 2018 kuhusu mishahara na vyeo. Kampuni ikakubali kutoa dola milioni 10, maafisa wa jimbo wakapinga kwamba ni kidogo mno, na mwaka 2021 ikaafiki milioni 100. Huku kwetu, ukidai umebaguliwa kwa sababu ya jinsia, kifungu cha 5 cha ile Sheria ya Ajira kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Watu wengi hawajui hilo, na waajiri hawana haraka ya kuwaambia.

Sasa ushahidi. Kama bosi huyo alikutumia jumbe, zipige picha uziweke kwenye simu yako, si kwenye kompyuta ya ofisi ambayo wanaweza kukufungia asubuhi moja. Andika tarehe ya mkutano ule na nani walikuwepo. Ila faili za gemu ambayo haijatoka usizichukue, wasije wakakugeuzia kibao wakuite mwizi. Kisha peleka malalamiko kwa maandishi, na mtafute angalau mmoja kati ya wale wanawake watatu. Sidhani kama wewe ndiwe wa kwanza. Mawakili wa FIDA-Kenya, chama cha mawakili wanawake, huwasaidia wanawake bila malipo; waone kabla hujatia sahihi karatasi yoyote.

Dadako ana haki ya kuogopa, kodi ya nyumba haingoji. Lakini yeye haketi katika ule mkutano.

Hiyo kazi mpya, kama mkataba ni mzuri, ichukue. Malalamiko yatangulie tu, na barua ya kuacha kazi iseme wazi kilichokuondoa. Usiandike zile "sababu za kibinafsi" ambazo wataomba uandike. Unaweza kudai haki yako hata baada ya kuondoka, mradi usipitishe muda uliowekwa na sheria. Waulize FIDA tarehe yako ya mwisho ni lini. Na jina lako kwenye hiyo gemu lidai pia, maana kazi uliifanya wewe.