Kama umeshindwa kusoma siku hizi, jaribu riwaya nyepesi za mapenzi za vijana

Mwaka ambao mama yangu alikuwa anaumwa nilishindwa kabisa kusoma. Mimi niliyezoea kumaliza kitabu kila wiki, nikawa nafungua ukurasa, nasoma mistari mitatu akili ishahama, narudi juu, naanza tena, usiku mzima ukurasa mmoja. Na nilikuwa nang'ang'ania vile vitabu vizito, vita na vifo na watu wanaosalitiana, nikiamini ndivyo mtu mzima anatakiwa asome. Siku moja binti yangu, ana miaka 15, akaacha kitabu chake kwenye kochi, jalada la pinki, msichana na mvulana wamepeana mgongo. Nikakifungua kwa sababu tu kilikuwa karibu na mkono. Nikaja kushtuka niko ukurasa wa 80.

Tangu hapo nimesoma vingi sana vya aina hiyo na kama na wewe kichwa kimechoka nakushauri uanzie huko, ila kuna mambo ya kujua.

La kwanza, usiache kitabu eti kwa sababu mwisho unaujua. Kwangu utamu uko hapohapo. Ukishajua hawa wawili watakuwa pamoja roho inatulia, halafu unaanza kuona vitu vidogo vidogo, nani kaandika meseji kaifuta mara nne, nani anajifanya anapita njia ile kwa bahati, nani amekumbuka kitu mwenzake alichosema mara moja tu miezi mitatu iliyopita. Mbinu zenyewe tunazijua, wawili wanajifanya wapenzi kwa sababu zao halafu inageuka kweli, wawili wasiopatana wanapangiwa kazi moja, au rafiki wa tangu utotoni ambaye ghafla unamuona kwa macho mengine. Na mara nyingi ukifika robo ya mwisho watagombana. Hapo ndo napima mwandishi. Kama ugomvi umetokana na tabia zao tulizoziona tangu mwanzo, namheshimu, lakini kama ni jambo ambalo wangeongea dakika mbili lingeisha basi huyo kaishiwa.

Halafu hili neno "nyepesi" lisikudanganye. Chukua To All the Boys I've Loved Before ya Jenny Han, iliyotoka 2014. Watu wanaikumbuka kwa zile barua za siri ambazo Lara Jean, msichana mhusika mkuu, aliwaandikia wavulana aliowapenda, zikaja kutumwa bila yeye kujua. Mimi kilichonishika ni kwamba Lara Jean hana mama, mama alishafariki, na dada mkubwa aliyekuwa anaishika nyumba ndo anaondoka kwenda chuo Uskoti, kwa hiyo katikati ya hayo mambo ya kuchekesha kuna mtoto wa miaka 16 anajaribu kuvaa viatu vya dada yake. Mwandishi hakusimamishi ulie. Anakugusia kidogo anaendelea na stori, na kwa hali niliyokuwa nayo wakati ule hicho ndicho kiasi nilichoweza kubeba.

Kuchagua. Soma kurasa tatu za mwanzo hapohapo uliposimama, maana nyingi zinasimuliwa na mhusika mwenyewe, "mimi nilifanya, mimi niliona", kwa hiyo sauti yake ndo kila kitu, ikikuchosha mapema itakuchosha hadi mwisho. Angalia kama msichana ana maisha yake, ana marafiki, ana ndugu wa kugombana nao, ana kitu anachokipenda mbali na huyo kijana. Na majalada jamani, muwe makini! Siku hizi riwaya za watu wazima nazo zinachorwa vikatuni vya rangi tamu vilevile, ndani kuna mambo ya chumbani waziwazi, kwa hiyo kama unamnunulia mtoto soma maelezo ya nyuma na uangalie imewekwa kundi la umri gani.

Kitu kingine ni wivu. Kuna kijana mmoja kwenye kitabu tulichosoma wote wawili, kila msichana akitoka yeye yuko nyuma yake, anashika simu yake, anamkasirikia akiongea na wengine. Binti yangu akaniambia, "Mama, si kwa sababu anampenda?" Sikumhubiria, nikamuuliza tu, wewe ungefanyiwa hivyo na rafiki yako ungejisikiaje? Akanyamaza muda mrefu, halafu akaanza kunisimulia habari za mwenzake darasani. Tuliongea hadi saa sita usiku, na mimi nilikuwa nimetafuta mlango wa maongezi hayo karibu mwaka mzima. Kwa hiyo mzazi, soma anachosoma mwanao, na usome kwa kukipenda kweli, usisome kama askari, watoto wanajua.

La mwisho, kama una mgonjwa nyumbani msomee kwa sauti. Vitabu hivi vina mazungumzo mengi, sura ni fupi, mtu akisinzia katikati hapotei. Sisi tulikuwa tunasoma jioni, binti yangu anachukua maneno ya msichana, mimi nachukua wengine wote. Mama macho yalikuwa yameshaanza kumsumbua, alikuwa anasikiliza amefumba, tunadhani amelala, tukifunga kitabu anauliza taratibu, "Yule kijana ameshaomba msamaha?"

Bado mama, tunamwambia. Kesho.