Una duka, sasa umepewa na kiti

Nilipoingia baraza la mji wetu mdogo, mwanamke wa kwanza, nilikuwa tayari na duka la vifaa vya ujenzi. Wengi walinionya kuhusu kelele za wanaume vikaoni. Hizo nilikuwa nimeshazizoea dukani, ambako mteja huniuliza "mwenye duka yuko wapi?" nami nimesimama mbele yake. Kilichonitesa ni daftari la madeni.

Wiki ya kwanza tu, fundi mmoja alibeba mabati 12 akasema, "Andika, mheshimiwa. Kura si nilikupa?" Nikaandika. Akaja mwingine, na mwingine. Mwezi ulipoisha, daftari limejaa, rafu tupu. Kwa hiyo, dada, funga daftari kabla hujaapishwa. Watangazie wote siku moja, asijione mtu kaonewa. Watakaonuna, wanune.

Kisha kuna zabuni. Baraza likitaka saruji, huenda duka lenye saruji ya kutosha ni lako. Usikae kimya eti kila mtu anajua. Sema una maslahi, toka nje, na kikao kinachofuata soma muhtasari uone kama imeandikwa kwamba ulitoka. Mimi nilitoka, katibu akasahau kuandika; maneno ya mtaani yalichukua miezi mitatu kutulia. Siku hizi namtajia katibu saa niliyotoka na saa niliyorudi, na namsubiri aandike. Ananiona msumbufu.

Na ukigundua waliokupendekeza walikuwa wanakutania, usijitoe. Mwaka 1887, huko Argonia, Kansas, nchini Marekani, wanaume fulani walipenyeza jina la Susanna Salter kwenye kura za umeya ili kumfanyia kejeli yeye na wanawake wenzake waliokuwa wakipiga vita pombe. Alishinda kwa takriban theluthi mbili ya kura, akiwa na miaka 27, akawa meya wa kwanza mwanamke nchini humo. Malipo yake ya mwaka mzima yalikuwa dola 1. Wanaoniuliza kiti kinalipa kiasi gani huwa nawatajia hiyo dola.

Duka basi usilifunge. Siku za kikao namwachia binti yangu kaunta. Juzi nimerudi nikamkuta mteja anamuuliza mwenye duka yuko wapi.

"Ni mimi," akajibu, mkono uko kwenye mizani ya misumari. "Nikupimie kilo ngapi?"