Maswali ya Wasomaji: Je, dawa za Tibeti zilitoka India?

SWALI: Shikamoo Babu. Nauza dawa za asili Soko la Majengo, Dodoma. Kijana wangu wa chuo anasema matabibu wa Tibeti walinakili tu vitabu vya Wahindi. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mama. Kijana kashika mkia, kichwa kimemponyoka.

Kitabu chao kikuu, Gyushi, kina sura 156, na kwa kawaida huhusishwa na tabibu wa Tibeti Yuthok Yonten Gonpo wa karne ya 12. Wapo wanaoamini ni maneno ya Buddha mwenyewe. Lakini kiweke kando ya Ashtangahridaya, kitabu cha tiba cha Vagbhata, Mhindi wa karne ya 7 hivi, ambayo Rinchen Zangpo (958–1055) alishiriki kuitafsiri kwa Kitibeti: mafungu mengi yanafuatana. Upepo, nyongo na kohozi, vile vitatu vinavyosemwa kuendesha mwili, vimetoka hukohuko. Hata arura, tunda wanalolitukuza kuliko dawa zote, ni la mti wa India, ndugu wa mkungu wetu. Kwenye baridi ya uwanda wa juu wa Tibeti mti huo hauoti! Mimi ushahidi huo unanitosha.

Lakini kunakili tu? Hapana. Kupima mapigo ya mshipa kwa vidole, jambo ambalo Gyushi inalichambua kwa kirefu, halimo kwa Vagbhata. Hapo wanazuoni wanaona mkono wa China. Uchunguzi wa mkojo nao umepanuliwa sana: rangi, mvuke, harufu, povu. Kijana aisome sura hiyo, ila asiisome mezani wakati wa chakula.