Muulize Fundi: Wameinua kiti, wameondoka na betri

SWALI: Shikamoo fundi. Nina HiAce ya kusambazia mikate. Nailaza barabarani, hapa Mbagala, maana uchochoro wetu haupitishi gari. Tangu mwaka jana nimeibiwa betri mara mbili, na mwezi uliopita wakabeba na kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Milango huwa nafunga, na vioo havikuvunjwa. Ingekuwa gari ya boneti ningeweka mnyororo, ila injini ya hii iko chini ya viti. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Boneti yako ni kiti, kwa hiyo kufuli ya boneti ni kitasa cha mlango wa mbele. Azima ufunguo wa HiAce ya jirani, iliyozeeka kama yako, ujaribu. Usishangae ukizunguka, vitasa vya miaka mingi vimelika. Badilisha hivyo kwanza.

Kisha kiti. Yangu nimeipitishia bapa la chuma juu ya fremu ya kiti, huku bawaba, kule kufuli. Kiti hakinyanyuki mpaka kufuli itoke. Fundi wa mageti anaiweza kazi hiyo, ila simama naye. Kabla hajaanza kuchomelea, toa waya wa hasi wa betri na uchomoe kontroli boksi. Nimeshaona moja ikiungua hivyo gereji, mwenyewe akaenda kumlaani mwizi! Bapa lisiguse vichwa vya betri. Na dereva apewe ufunguo wake, kwani stiki ya oili iko humo humo. Akiona kufuli ni usumbufu ataacha kupima, injini ikufie bila mwizi yeyote.

Usiku, laza ubavu wa kushoto ukutani, karibu kiasi kwamba mlango haufunguki. Betri iko huko, chini ya kiti cha abiria, na mlango wa kusukuma uko huko huko. Kwa mbele, mwizi atabakiwa na mlango wa dereva, unaotazama barabara. Namba ya gari ichonge kwenye ganda la betri. Mnunuzi wa vyuma chakavu hatajali, lakini muuza betri za mtumba atasita.

Kuna jambo hukuniambia. Waya za kontroli boksi zilikatwa, au soketi zilichomolewa taratibu? Kama zilichomolewa, gizani, bila kuvunja kioo, huyo anaijua HiAce. Simtaji mtu. Ila kumbuka mwezi ule gari lililala gereji gani, na ufunguo ulibaki kwa nani.