Matete ya Ziwa Kivu: tuanzie wapi?

SWALI: Jambo Mama. Tunakaa Katana, kando ya ziwa. Kati ya mashamba na maji kuna matete marefu, na kutoka mwanzo hadi mwisho wake ni mwendo wa karibu nusu saa. Sasa watu wanakuja na kamba, wanapima viwanja. Sisi wavuvi, vijana na akina mama kadhaa tumeungana, tunataka pale pawe hifadhi kwa ajili ya ndege na viumbe vyote. Tulimwandikia mkuu wa mkoa, jibu hakuna. Karatasi ya udongo ule hatuna hata moja. Tuanzie wapi? (Mvuvi, Kabare)

JIBU: Ndugu yangu mvuvi, barua yako nimeisoma mara mbili. Miaka 22 nilishika kamba ya kupima viwanja hapa Kivu ya Kusini. Mwaka mmoja nilipima kiwanja ambacho nusu yake ilikuwa maji. Mnunuzi alikuwa na haraka, mkubwa wangu vilevile, nami nikasimika mawe ya mpaka ndani ya tope. Leo pale kuna ukuta. Akina mama waliokuwa wakikata matete ya mikeka hawapiti tena. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Neno karatasi lisikutishe. Sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973 inasema udongo wote ni mali ya serikali, na chini ya ziwa ni mali ya umma. Anayepima kiwanja majini anauza kisichouzika. Lakini huko juu kidogo, penye tope na mashamba, kuna kalinzi, yaani haki ya kimila ya kutumia ardhi inayotolewa na mwami, chifu wetu mkuu. Kuna familia ambazo babu zao walipeleka ng'ombe kwa mwami, na majirani wote wanajua. Mkiwaruka hao, watakuwa wa kwanza kuwapinga, na watakuwa na haki.

Msitu wa Itombwe si mbali nasi. Mwaka 2006 waziri alitia sahihi, Itombwe ikawa hifadhi, na wenyeji hawakuulizwa. Wakakataa. Ilibidi vijiji vikae vichore ramani zao, hadi mwaka 2016 mkuu wa mkoa alipotia sahihi mipaka mipya. Miaka 10! Kule Kivu ya Kaskazini, Tayna ilipita njia nyingine: machifu wenyewe walianza kutenga misitu yao mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa ajili ya gorila, na karatasi ya waziri ikawafuata mwaka 2006. Mimi ningefuata njia ya Tayna.

Basi, kabla ya barua nyingine, tembeeni. Chagueni Jumamosi moja, mwende na wazee, wavuvi, mama wa matete, mwenye ng'ombe anayenywesha pale, na hata yule anayetaka kuuza. Huyo hasa msimwache nyumbani. Kila mnaposimama ulizeni: hapa panaitwaje? Nani analima? Nani analala njaa pakifungwa? Andikeni yote daftarini, kila mtu atie sahihi, asiyejua kuandika aweke kidole. Jiwe langu la mpaka mtu aliweza kuling'oa usiku. Jina ambalo wazee 15 wamelitaja pamoja hawezi kuling'oa.

Kisha mkubaliane nani ataendelea kuingia. Tafadhali msiandike "marufuku" tu. Batwa, wenyeji wa msitu wa Kahuzi-Biega, waliondolewa msituni kwao kwa jina la hifadhi, na majeraha hayo hayajapona. Andikeni mama gani wanakata matete, miezi gani, ng'ombe wanapita wapi, wavu wa macho madogo unakatazwa wapi.

Jambo moja zaidi. Unataja ndege, hata mimi nawapenda. Lakini kwa mwami na kwa msimamizi wa teritware, yaani wilaya, tajeni samaki kwanza. Sambaza wachanga, wale samaki wadogo kama dagaa, hukaa karibu na nchi kavu, penye maji mafupi, na tilapia hutengeneza viota vyao huko huko. Matete yakiondoka, tope la mlimani linashuka moja kwa moja hadi kwenye viota hivyo. Mama anayeuza sambaza sokoni Kadutu atawaunga mkono akielewa hilo, na sauti yake inafika mbali kuliko yangu.

Daftari likikamilika, peleka nakala kwa chifu wa Katana, kwa mwami, teritware, na ofisi ya mazingira ya mkoa. Kila mahali dai muhuri wa kupokelewa. Andikeni pia kifungu cha 53 cha Katiba ya 2006: kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, na ana wajibu wa kuyatetea. Barua ya watu 12 hukaa mezani. Daftari lenye vidole vya kijiji kizima, mtu wa ofisi anaogopa kulipoteza.

Mkishapanga Jumamosi yenu, niandikie. Kamba yangu ya mita 50 ninayo bado, na buti pia.