Kipimo cha OCT kimeshuka: ni glakoma au ni mtoto wa jicho?

Swali: Shikamoo daktari. Nakuandikia kutoka Urambo, mkoani Tabora. Mama yangu ana miaka 68 na anatumia matone ya presha ya macho. Mwaka jana tulimpeleka Dar es Salaam akapigwa picha ya OCT, ile inayopima unene wa nyuzi za neva nyuma ya jicho. Jicho la kulia liliandikiwa wastani wa mikroni 81 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ubora wa picha 8 kati ya 10. Mwezi uliopita amerudia kwenye mashine ileile: mikroni 72, ubora 5, na sehemu kubwa imegeuka nyekundu. Presha ya jicho ni 15 kama mwaka jana. Tumeambiwa glakoma, yaani huo ugonjwa unaoua nyuzi za neva za jicho, imesonga mbele na huenda akafanyiwa upasuaji wa presha. Lakini pia wamesema ana mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi. Je, huyo mtoto wa jicho anaweza kuharibu kipimo?

Jibu: Marahaba, na mfikishie mama salamu zangu. Anaweza, na kwa namba ulizoniandikia ningemshuku yeye kwanza kabla sijaituhumu glakoma. Umefanya vizuri sana kunakili ubora wa picha. Wagonjwa wengi huja na mikroni peke yake, na mikroni bila ubora hazisomeki.

OCT hupeleka mwanga wa infraredi kupitia mboni na lenzi hadi kwenye retina, halafu hupokea unaorudi. Kompyuta hutafuta mpaka wa juu na wa chini wa tabaka la nyuzi za neva, zile zinazokusanyika kuwa mshipa wa fahamu wa jicho. Umbali kati ya mipaka hiyo ndizo mikroni unazoziona. Lenzi yenye ukungu huutawanya mwanga ukienda, na huutawanya tena ukirudi. Mpaka ukififia, programu huuchora mahali pasipo pake, na mara nyingi hukosea kwa kupunguza: tabaka huonekana jembamba kuliko lilivyo. Kisha mashine hulilinganisha na vipimo vya macho ya watu wazima wenye afya ilivyovihifadhi, na rangi nyekundu hutokea hata kama nyuzi zipo.

Kwa mashine zinazotoa alama hadi 10, kama Cirrus, picha inatakiwa ipate angalau 6. Mama ana 5. Hiyo karatasi ya pili, kwangu mimi, si msingi wa kumpeleka mtu chumba cha upasuaji. Na usidhani 6 ikifikiwa basi mambo yamekwisha: ubora ukishuka kutoka 9 hadi 7, mikroni nazo huweza kushuka ingawa picha zote mbili "zimefaulu". Ndiyo maana tunataka picha mbili zinazolinganishwa ziwe na ubora unaokaribiana.

Aina ya mtoto wa jicho nayo ina uzito. Yule anayeanzia kwenye kiini cha lenzi na kuifanya iwe ya manjano husumbua picha kidogo zaidi. Anayekaa nyuma ya lenzi, katikati kabisa, au anayeingia kama mistari kutoka pembeni, huharibu sana. Muulizeni daktari ni yupi.

Sasa nakuomba usitulie moja kwa moja. Glakoma inaweza kusonga nyuma ya ukungu huohuo, na presha ya 15 haitoshi kusema mama yuko salama. Wapo wanaoendelea kupoteza nyuzi kwa presha ya namna hiyo. Kushuka kwa mikroni 9 ni kukubwa: kwenye jicho lisilobadilika, wastani wa picha mbili nzuri za siku tofauti kwa kawaida hautofautiani kwa zaidi ya mikroni 4 hivi. Kwa hiyo arudie kipimo. Kabla ya picha awekewe machozi bandia, kwa sababu matone ya glakoma ya muda mrefu hukausha jicho, na ukavu peke yake hushusha ubora. Kama mboni ni ndogo ipanuliwe, ila daktari ahakikishe kwanza kwamba pembe ya jicho, pale maji ya ndani ya jicho yanapotokea, haijabana. Kisha aangalie upungufu umekaaje. Ukungu wa lenzi huelekea kupunguza kote kote; glakoma hupenda kula kipande, hasa juu au chini ya mshipa wa fahamu. Kipimo cha uwanja wa kuona husomwa vivyo hivyo: mtoto wa jicho hufifisha uwanja wote, glakoma huacha doa lenye umbo lake. Ukungu hauiharibu namba ya presha, hivyo hiyo 15 iaminini kama ilipimwa vizuri.

Ikiwa ukungu ni mzito kiasi cha kuzuia picha nzuri, na mama mwenyewe haoni vizuri, mimi ningeelekea kumtoa mtoto wa jicho kwanza. Upasuaji huo mara nyingi hushusha presha kidogo pia, zaidi kwa wenye pembe nyembamba. Baadaye mikroni zitapanda. Msishangilie kwamba glakoma imepona. Nyuzi zilizokufa hazirudi, ni picha tu imepata mwanga. Baada ya miezi miwili au mitatu, uvimbe ukishatulia, apigwe OCT mpya, na hiyo ndiyo iwe ya kuanzia kulinganisha. Zile za zamani zitunzwe, lakini zisitumike kuhesabu kasi ya ugonjwa.

Jambo moja kwa sisi tunaosafiri mbali kutafuta kipimo: leo Dar, mwakani pengine Mwanza kwa kuwa ni karibu. Mikroni za mashine ya kampuni moja hazilinganishwi na za kampuni nyingine. Chagueni hospitali moja mbaki nayo, na kila safari mbebe karatasi zote.

Akifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, asiache matone ya glakoma mpaka daktari aseme. Yale ya steroidi anayopewa baada ya upasuaji huweza kupandisha presha, hasa kwa mwenye glakoma, kwa hiyo presha ipimwe siku inayofuata na ipimwe tena katika wiki zote anazoyatumia. Hilo halihitaji OCT wala safari ya Dar. Ulizeni kitengo cha macho cha hospitali ya Kitete kama wanaweza kumfuatilia hapo Tabora mjini.