Maswali ya wakulima: mpopoo unaobabuka na popoo zinazooza

SWALI: Mipopoo yangu michanga imebabuka na kupasuka shina upande wa machweo. Ile mikubwa, masika yakianza, hupukutisha popoo mbichi zenye ukungu mweupe. Mbegu ndiyo mbovu? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU: Mbegu haina kosa, na haya ni matatizo mawili tofauti.

Shina limeungua kwa jua la alasiri. Gome la kijani likishababuka haliponi, na upepo huuvunja mti palepale penye kidonda. Ifunge miche kwa ala za majani ya mpopoo zilizoanguka, kisha panda migomba upande wa magharibi. Karnataka, India, ambako popoo ni zao kubwa la biashara, nafasi ya mti na mti ni mita 2.7. Ukipanda kwa upana zaidi, vivuli havikutani na jua hupata njia.

Popoo kuoza ni kazi ya fitoftora, kimelea cha mvua. Huanza na doa la majimaji karibu na kikonyo, ukungu hufuata. Dawa yake ni mrututu (chumvi ya shaba ya rangi ya bluu) na chokaa, nayo huharibika kwa haraka ya mtayarishaji. Yeyusha kilo 1 ya mrututu katika lita 50 za maji, koroga kilo 1 ya chokaa katika lita 50 nyingine, halafu mimina mrututu ndani ya chokaa huku ukikoroga. Tumia mapipa ya plastiki, kamwe si ya chuma. Chovya kisu safi: kikitoka na rangi ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo utaunguza mimea. Nyunyiza mikungu yote kabla ya mvua, siku hiyohiyo uliyochanganya dawa, na urudie baada ya siku 40 hadi 45. Popoo zilizoanguka ziokote, uzichome.

SWALI: Natafuna tambuu na popoo bila tumbaku. Niko salama?

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliitangaza popoo yenyewe kuwa chanzo cha saratani, hata isipochanganywa na tumbaku. Popoo pia hukakamaza nyama za ndani ya mashavu. Ukihisi pilipili inakuunguza kuliko zamani, au kinywa hakifunguki vizuri, acha kutafuna na umwone daktari wa meno mapema.